Kicheko cha Msibani

Siku Mwamvua alipokisikia kicheko chake kikitoka kwenye spika ya kibanda cha vocha pale stendi ya Kibiti, tumbo ndilo lililokitambua kwanza. Lilimchafuka, mate yakamjaa mdomoni, ikabidi atue ndoo yake ya kamba wakavu na kuinama kando ya mtaro. Wapita njia wakanong'onezana kwamba mama yule ana mimba. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mjane wa miaka kumi na minne, mimba aitoe wapi? Lakini watu wa stendi nao, ukiwaachia neno wanakuzalisha mapacha.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa kigeni. Vinanda vinalia vitii-tii, msichana anaimba kwa sauti nyembamba maneno yasiyoshikika, halafu vyote vinanyamaza ghafla na mwanamke anacheka. Kinaanza kama mguno wa mtu anayejizuia, kinapasuka, kinapanda, kinaingia kwikwi mbili, mwisho kinakatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Kisha ngoma zinarudi, na kicheko kinarudi nazo. Mwamvua alikisikia mara nne, na kila mara alijua pumzi ipi inafuata, kwani pumzi zilikuwa zake.

Mwenye kibanda alikuwa Belinda, binti wa Kihaya aliyeletwa Kibiti na dada yake muuguzi. Alidhani ni jua. Akamletea maji, akamkalisha juu ya kreti ya soda. Mwamvua akamwomba auzime huo wimbo. Belinda akashangaa, huu ndio unaovuma mtandaoni mwezi mzima sasa, mama, dunia nzima inaucheza. Akamwonyesha kwenye simu. Wasichana wa Kijapani wamesimama mstari na sare zao za shule. Kicheko kikifika wote wanajishika matumbo na kuanguka chali. Mzee mmoja amekaa ndani ya pipa la maji ya moto, anafungua kinywa kisicho na meno, na humo ndimo kinamotoka kicheko cha Mwamvua. Mbwa amefungwa kilemba, naye anachezeshwa taya. Mbwa, jamani.

"Hicho kicheko ni changu," Mwamvua alisema.

Belinda akacheka, halafu akamtazama vizuri akaacha. Na Mwamvua, kwa vile hasira ilikuwa imemkaba, akasema ambayo hakupaswa kumwambia mtu asiyemjua mwenye simu mkononi: kwamba alikicheka kwake Mbuchi, siku ya msiba wa mumewe, maiti ikiwa bado ndani. Kisha akajitwisha ndoo yake akaondoka bila kuuza hata kisado kimoja.

Hapa lazima nieleze, maana asiye wa huku ataniuliza ni mwanamke wa namna gani anayecheka mumewe amelazwa.

Huyo mumewe, Fikirini, alikuwa mkulima wa mpunga na mkata boriti za mikoko, mtu wa maneno mengi na tumbo lisilojua kushiba. Alikuwa na tabia ya kuingia jikoni akijidai anatafuta kiberiti, akafunua chungu, akaonja, akatoka na mafuta kidevuni akiapa kwamba hajaonja. Ukoko wa wali ndio ulikuwa maradhi yake. Kila aliporudi kutoka dunguni, alikokuwa akikesha kufukuza nguruwe, alikohoa mara mbili nje ya ua kisha akaita, "Mwamvua, ukoko upo?" Salamu zilifuata baadaye, kama zilifuata. Homa ya siku nne ikamchukua.

Msibani akaja Amri. Huyu alikuwa mtani wa ukoo wa Fikirini, na kazi ya mtani msibani anaijua kila mtu wa delta: wenzake wanalia, yeye anavuruga. Analala mlangoni jeneza lisipite, anamtukana marehemu, anavaa nguo zake na kumwigiza, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Basi Amri akavaa shati la Fikirini la mistari ya kijani, akaingia uwanjani akiburuta mguu wa kushoto kama mwenyewe, akakohoa mara mbili, akaulizia ukoko. Akafunua sufuria ya wapishi wa msiba, akatia kidole, akajifuta kidevu, akaapa mbele ya maiti: wallahi sijaonja.

Mwamvua alikuwa ndani mkekani, kafunikwa kanga mpaka usoni, akamwona kwa upenyo wa mlango. Hakumwona mtani. Alimwona Fikirini mzima mzima, na kicheko kikamtoka mahali asipopajua. Alicheka mpaka akaanguka ubavu, shangazi yake akamziba mdomo kwa kiganja. Kilipozibwa ndipo kilio kikaanza, na alilia mpaka sauti ikamkauka siku tatu.

Sasa, utani wa msibani una sheria moja, nayo haina mjadala: unazikwa na maiti. Watu wakisharudi makaburini haurudiwi wala hauhadithiwi, kwa sababu mwenye kuurudia anaita maiti nyingine. Ndiyo maana hakuna aliyemhadithia Bi Safina. Bi Safina ni mama yake Fikirini, na siku ile alikuwa Dar es Salaam kwa matibabu ya macho ambayo hayakumfaa kitu. Alifika kesho yake, keshakuwa kipofu, akamkuta mkaza mwanawe hana sauti. Alipouliza akaambiwa amelia mno. Tangu hapo hiyo ndiyo habari yake kwa kila mgeni anayeketi naye: huyu alimlilia mwanangu mpaka akawa bubu. Mashemeji walipotaka kumtoa Mwamvua katika nyumba ile baada ya eda, kikongwe alishika fimbo akawaambia atakayemgusa huyu kanigusa mimi. Wameishi wawili tu miaka yote hiyo, wanalala chumba kimoja, Mwamvua anamtolea miba samaki na yeye anamsimulia mambo ya zamani. Mwamvua hakujaliwa mtoto, ndugu zake wametawanyika, hana mwingine wa kumwita wake. Na Bi Safina, macho hana, lakini masikio yake yanasikia mchele ukimwagika nyumba ya tatu. Kicheko kile kikimfikia atakitambua kabla hakijafika kwenye kwikwi. Atajua kwamba siku mwanawe alipokuwa amelazwa, mwanamke anayemsifu kwa watu alikuwa anacheka. Hilo ndilo Mwamvua alilotembea nalo rohoni njia nzima ya kurudi Mbuchi.

Na njiani akamkumbuka mwizi. Msibani kulikuwa na Mjapani, kijana mwembamba, masikioni kavaa vizibo vikubwa, mkononi kabeba fimbo yenye kitu cha manyoya kichwani kama paka aliyekufa. Alikuwa amefuatana na watu wa kupanda mikoko, akawa anapita akivielekezea manyoya yale vyura, mashoka na mvua. Msibani aliingia bila hodi. Wazee walipouliza ni nani huyu asiyelia, asiyetoa pole, anayewaelekezea wafiwa mnyama mfu, Amri akawatuliza. Akasema huyo naye ni mtani, kwao nako wanafanya hivi. Wazee wakaridhika. Mtu anayeingia msibani bila haya atakuwa nani kama si mtani? Akakaribishwa kwenye sinia la watani, akala wali akashiba, akaaga kwa kuinama. Kumbe anaondoka na kitu cha watu.

Belinda naye hakukaa kimya. Jioni ileile aliandika mtandaoni kwamba mwenye kicheko kapatikana, ni mama wa Mbuchi, tena amesema hiki na kile. Wiki tatu baadaye wageni wawili wakashuka kwenye pikipiki mbele ya ua wa Mwamvua, Bi Safina amekaa pale pale kibarazani anapeta choroko. Mmoja alikuwa Shedrack, mtu wa Mbeya aliyesomea ufundi umeme Japani miaka mitatu, akarudi hana ufundi wala umeme ila lugha. Wa pili Mwamvua alimtambua kwa yale manyoya. Alikuwa ameota mvi na kakitambi. Kabla hawajafungua mdomo Mwamvua aliwashika mikono akawaburuta mpaka kwenye banda la mashine ya kukoboa mpunga, siku hiyo lilikuwa limefungwa, akawaambia wanong'one.

Shedrack hakujua kunong'ona. Alieleza kwa mbwembwe, mikono ikienda huku na huku. Huyu ni Noriaki, na kundi lake linaitwa Asagiri Denwa. Walianza chuoni, yeye kinanda, binti anaitwa Natsuko anaimba, na mpiga ngoma mmoja ambaye Shedrack hakumkumbuka jina na wala hakujali. Albamu ya kwanza waliirekodia ghalani kwa mjomba wa Natsuko, muuza magodoro, magodoro yameegemezwa ukutani ili yameze mwangwi. Zikauzwa nakala mia tatu, nyingi alizinunua mjomba. Ya pili ikatoa wimbo uliopigwa kwenye tangazo la dawa ya meno, wakaanza kujulikana. Ya tatu ikadoda, kampuni ikataka kuwafukuza. Ndipo Noriaki akabeba kinasa sauti chake akazunguka dunia akitafuta, ati, sauti ya kweli. Akarudi na kicheko. Albamu ya nne ikawainua mpaka viwanja vya mpira. Natsuko akinyamaza, watu elfu arobaini wanacheka kwa pamoja, kwikwi mbili na kila kitu. Wakatoa na ya tano. Halafu wakagombana na kampuni, wakavunjika, kila mmoja akatoa nyimbo zake peke yake na hakuna aliyezisikiliza. Sasa wamepatana. Lakini kanda zote za zamani kampuni imezing'ang'ania, kwa hiyo wanarekodi upya albamu zote tano, wimbo kwa wimbo, ili hizi mpya ziwe mali yao. Kila kitu wamekiweza isipokuwa kicheko. Wameleta waigizaji wanne na mchekeshaji wa televisheni. Mashabiki wakisikia wanasema hapana, siye huyo.

Noriaki aliinama kila alipotajwa. Kisha naye akasema maneno marefu, kwa upole mwingi, na Shedrack akatafsiri: kwamba kicheko hiki ndiyo sauti ya furaha kuliko zote alizowahi kunasa, kwamba watu waliokuwa wamekata tamaa wanamwandikia barua kumshukuru. Mwamvua akauliza kama anajua alikuwa anachekea nini. Jibu likaja upesi. Anajua ulikuwa msiba, na ndiyo maana kwenye jalada la albamu aliandika kwamba iko delta moja ya mbali ambako watu hawaogopi kifo, wanakicheka.

Mwamvua alitema mate chini. Si kwa makusudi ya kumtukana mgeni, yalikuja yenyewe. Miaka kumi na minne ya kulala na kitanda nusu kimepoa, na mtu mwenye miwani ya dhahabu anakuambia huogopi kifo. Alitamani kuosha mikono aliyowashikia.

Angewafukuza pale pale, na ingekuwa heri. Lakini Shedrack akamtupia neno lililompata. Akasema mama akitupa kicheko kipya, hicho ndicho kitakachotumika, dunia nzima itahamia huko.

"Kile cha msiba kitatoka?" Mwamvua aliuliza. "Kitatoka kabisa, kisisikike tena?"

Shedrack akasema kitatoka kabisa. Hakumgeukia Noriaki kumuuliza, hakutafsiri hata neno, alijibu tu kama mtu anayemuahidi mtoto pipi. Mwamvua aliliona hilo. Akajifanya hakuliona, kwa sababu alitaka liwe kweli: acheke siku ya kawaida, kwa jambo la kawaida, kicheko kisicho na maiti, na kile kingine kifutike kabla ya Bi Safina kukisikia. Akakubali.

Noriaki alitaka uwanja uleule, kuta zilezile za fito na udongo, maana ati mwangwi wa mahali haudanganyi. Mwamvua akamwambia mkwewe kuna watu wanakuja kupuliza dawa ya mbu, nyumba haikaliki siku mbili tatu. Akampeleka kwa jirani yao Rukaya, nyumba ya nne, akamwachia kahawa na kashata. Kikongwe hakuuliza neno. Hajawahi kumtilia shaka.

Siku ya kwanza ilikuwa ya aibu tupu. Alikalishwa kwenye mkeka, manyoya yakaning'inizwa mbele ya pua yake, taa nyekundu ikawaka, akaambiwa mama cheka. Akacheka ha ha ha kama anayesoma ubaoni. Noriaki akatikisa kichwa kwa adabu, akainua kidole kimoja: tena. Shedrack akasimulia vichekesho vya walevi, yeye ndiye aliyevicheka. Noriaki akajichomeka penseli puani, mtu mzima na mvi zake, akatembea kwa magoti. Tena. Tena. Kufikia adhuhuri Mwamvua alikuwa amecheka mara sitini, koo linamuwasha, na kila kicheko kilimtoka kikavu zaidi. Walikuwa wanamkamua kama mbuzi aliyekwisha kukauka, na hawaachi chuchu.

Ndipo Noriaki akamvisha vile vizibo vya masikio, amsikilizishe kicheko cha zamani ili ajiige mwenyewe. Hakikuwa kile cha kwenye spika, kilichokatwakatwa. Kilikuwa chote, kama kilivyonaswa. Mwamvua alisikia jogoo wao mwekundu. Alisikia mfuniko wa sufuria, na sauti ya Amri kwa mbali ikiapa haijaonja, na shangazi yake, ambaye naye ni marehemu sasa, akisema taratibu mwanangu taratibu. Uwanja wake mzima ulikuwa umo ndani ya kile kisanduku, kila mtu mahali pake, na Mjapani amekuwa akienda nao mfukoni. Alivivua vizibo akavitupa mkekani. Alijua pia jambo jingine, na hilo hakumwambia mtu: tangu siku ile hakuwahi kucheka vile tena. Walikuwa wanamdai kitu ambacho hana.

Asubuhi ya pili alirudi kisimani na ndoo kichwani, akamkuta Amri uwanjani. Amevaa shati la mistari ya kijani. Lilikuwa fungu lake la mtani, alilichukua siku ya mazishi kwa haki, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kulivaa mbele ya Mwamvua. Sasa limembana kitambi, vifungo viwili havifiki. Shedrack alikuwa anamfunga waya kifuani, na Noriaki anawanyooshea dole gumba.

Mwamvua alitua ndoo. Alimwambia avue. Amri akaanza kuzungukazunguka, shemeji hivi, shemeji vile. Wageni wametoka mbali, kicheko hakiji, wameuliza nani alikuchekesha siku ile, mtu akawatajia. Wamemuahidi mashine ya boti. Na huu si msiba, kwa hiyo si utani hasa, ni kama mchezo wa kuigiza tu. Huyu ndiye Amri aliyewahi kumcharaza kijana bakora mbele ya watu kwa kurudia utani wa mazishi ya babu yake! Leo kwa mashine ya boti ameisahau sheria aliyoilinda ujana wote. Mwamvua alimtazama akaona kinyaa kinampanda kutoka miguuni. Kwa Noriaki alikuwa na hasira tu. Mgeni ni mgeni. Huyu anajua.

"Amri, hilo unaloliita hujui litakuja na nini," alimwambia.

"Hakuna anayetusikia, shemeji," Amri akasema. "Cheka mara moja tu, yaishe."

Yaishe. Mwamvua alisimama pale, na nawaambia ukweli, hakuondoka. Angeweza kupiga kelele. Angeweza kuipiga teke ile taa. Lakini neno yaishe lilikuwa tamu kwake pia. Aliwaza kicheko kimoja tu, kipatikane, waende zao, Bi Safina arudi nyumbani kwake asijue lolote. Akajishika kiuno, na taa nyekundu ikawaka.

Amri alitoka nje ya ua. Kisha kikohozi, mara mbili. Mguu ukaja ukiburutwa mchangani. Kipaji chake hakikuwa kimezeeka hata kidogo, alaaniwe, aliitoa sauti ileile, na ile pumzi yake ya mtu mwenye njaa:

"Mwamvua, ukoko upo?"

Kitu kilimpanda Mwamvua kutoka tumboni, na hakujua kama ni kicheko au ni matapishi. Alikaza meno. Amri akafunua sufuria, akatia kidole, akajifuta kidevu. Noriaki alikuwa amefumba macho, manyoya yametulia mkononi, uso wake umelainika kama wa mtu anayekunywa uji wa moto siku ya baridi. Ilibaki kidogo. Wote waliona ilibaki kidogo.

"Fikirini?"

Bi Safina alikuwa mlangoni mwa ua. Hakuwa na fimbo. Alikuwa ametoka kwa Rukaya akipapasa nyua za watu nyumba hadi nyumba, kanga moja imemwanguka begani, mguu mmoja hauna ndara, na Rukaya anamkimbilia nyuma akimwita. Uso wake ulikuwa umefunguka. Mwamvua hajawahi kuuona uso ule ukiwa hivyo, hakujua kama bado uliweza.

"Fikirini, baba," kikongwe akasema, "mbona hupiti kwangu?"

Amri alikuwa na kidole bado ndani ya sufuria. Shedrack akatazama chini. Noriaki akafumbua macho, akamwona yule ajuza amenyoosha mikono miwili mbele akitafuta pa kushika, na badala ya kushusha fimbo yake aliigeuza taratibu, akamwelekezea yeye, akaweka kidole mdomoni kuwaashiria wote wasipige kelele.

Kimya kilipozidi, mikono ya Bi Safina ikaanza kushuka.

"Mwamvua, nani huyo?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini. Ungeweza kuwa redio, au simu ya mtu. Mwamvua aliutafuta akaushika, kisha akauona ule uso, akashindwa.

"Ni Amri, mama. Mtani."

Bi Safina aliinamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya akihesabu siku za mfungo. Mila hii aliijua kabla hawa wote hawajazaliwa.

"Mtani," akasema. "Basi kafa nani?"

Rukaya alifika akihema, akatazama shati, akatazama Amri, akajifunika mdomo kwa upindo wa kanga. Mwamvua akaenda akapiga magoti mbele ya mkwewe, na yote yakamtoka kwa mkupuo: kwamba hakuna aliyekufa, kwamba siku ile ya Fikirini Amri alimwigiza akiomba ukoko na yeye alicheka, alicheka mpaka akaanguka, maiti ipo ndani, na huyu Mjapani akakinasa akaenda kukiweka kwenye wimbo, na sasa dunia nzima inacheka nacho, na yeye alitaka kukiondoa asije mama akakisikia. Alificha miaka kumi na minne. Aliomba radhi. Aliishika miguu ya kikongwe, ule wenye ndara na ule usio nayo, akangoja alichokuwa akikiogopa.

Bi Safina alimpapasa kichwani, polepole, mara moja.

"Kucheka ni nini?" akasema. "Mtani kazi yake nini, si mfiwa acheke? Ningekuwapo ningecheka na mimi, huyo Amri kwa Fikirini ni kiboko." Akauondoa mkono. "Mimi sikumzika. Siku zote nilimjua kafa kwa kuambiwa. Leo nimemsikia mwenyewe, kwa masikio yangu, anakuja, nikasema walinidanganya. Nimekimbia, Mwamvua. Na umri huu. Wewe ulikuwa umesimama hapa unajua si yeye, ukaacha aite."

Mwamvua akasema hakujua kama angesikia.

"Hukujua," Bi Safina akasema.

Akajipangusa uso kwa kanga, akaomba ndara yake itafutwe, akasema anarudi kule alikokuwa. Mwamvua aliinuka haraka, akanyoosha mkono amshike kama anavyomshika asubuhi na jioni kila siku ya Mungu. Kikongwe aliugusa ule mkono, akaujua ni wa nani, akauachia. Akapapasa hewani upande wa pili mpaka akaupata wa Rukaya.